Mdomo Wangu Ndio Wenye Shida

Mwezi uliopita tulimzika Samonim. Hilo si jina, ni cheo. Ndivyo Wakorea wanavyomwita mke wa bosi, na mimi niliyeingia jikoni kwake nikiwa binti mbichi sikuwahi kumwita vinginevyo, hata baada ya mgahawa kufungwa na sisi wawili kuzeeka, tukabaki watu wa kupigiana simu kila sikukuu. Baada ya mazishi tulikaribishwa ukumbini nyuma ya kanisa, New Malden, hapa London, tukapewa wali na supu nyekundu ya nyama, ndicho chakula chao cha msibani. Nilikaa na binti yangu wa mwisho, ambaye Kiswahili anakisikia vizuri ila ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza. Supu ilikuwa imepoa, mafuta yameganda juu. Mama mmoja mwenye aproni akapita akiuliza kama tumeridhika, na kabla sijafikiri nikainamisha kichwa nikamwambia kwa Kikorea kwamba nimekula vizuri, asante. Akafurahi, akaniongezea. Binti yangu akanitazama, akaniuliza kwa Kiingereza chake kwa nini nadanganya watu msibani. Nikamwambia huo si uongo, ni adabu. Akasema yeye haoni tofauti. Niliimeza ile supu yote kwa sababu ya neno lake, na huku naimeza, aibu ya zamani ikanipanda kutoka shingoni hadi masikioni, mwanamke mzima mwenye wajukuu.

Habari za ukoo wangu, nani kanizaa na nani kanikatia tiketi, naziacha. Watu wa Korogwe wanazijua, na wengine haziwahusu. Inatosha kusema kwamba mwaka ule nilipoanza kazi kwa Samonim nililala Thornton Heath kwa Dada Monika, mtu wa nyumbani aliyekuwa akitunza wazee kwenye makao yao, chumba kimoja vitanda viwili, na dirisha linalotazama bucha na duka la nywele. Dada Monika alinipokea kwa moyo mmoja, akanipa nusu ya kabati na maneno yake yote. Nilipomwambia nimepata kazi ya kuosha vyombo mgahawani, alisema, "Felista, hiyo kazi ya kwa Wachina itakuchubua mikono. Njoo kwenye keya, tutunze wazee, utapewa yunifomu." Nikamwambia si Wachina, Dada, ni Wakorea. "Ni walewale," alisema, akageukia ukutani akalala. Kila nikirudi aliniuliza wamenilisha nini, na kila nikimweleza aliguna. Siku niliyomwambia nimekula kabichi iliyooza kwa makusudi na nimeipenda, aliniombea kwa sauti.

Mgahawa ulikuwa mdogo, meza nane, na kati ya ukumbi na jiko palikuwa na pazia la bluu tu. Ukilipita pazia unakuta jiko jembamba, watu wawili hawapishani bila kuombana radhi. Kushoto jiko la gesi, kulia sinki langu, na katikati, juu ya kasha la mbao kwa sababu alikuwa mfupi, alisimama Halmoni. Halmoni maana yake bibi. Alikuwa mama yake bosi, mama mkwe wa Samonim, na mpishi mkuu. Bosi mwenyewe alikaa kaunta akipokea simu na kuinamia wateja. Halmoni Kizungu hakujua zaidi ya "tenki yu", kwa hiyo Kikorea changu kilizaliwa palepale, kati ya sinki na kasha lake, kikiwa na maneno ya jikoni tu: kata, osha, moto, haraka, kula. Maneno yao nitayaandika kwa Kiswahili, maana hata wao walichanganya Kikorea na Kiingereza kwa namna ambayo siwezi kuirudia. Sauti ya F ilimshinda Halmoni, akaniita Pelly. Alinifundisha kumenya vitunguu saumu, kuosha mchele mpaka maji yaache kuwa meupe, na siku ya kuchanganya kabichi na pilipili alikuwa akilikunja jani moja na kulisukuma mdomoni mwangu kwa vidole vyake. "Fungua." Nafungua. Nililelewa kwamba tonge la mkono wa mkubwa halikataliwi, basi kwa hilo mimi na yeye tulielewana kabla ya kuelewana kwa maneno.

Alichojulikana nacho ni supu ya maharage yaliyochachushwa. Ina tofu, ina maboga, ina kitunguu, na inaletwa mezani ikiwa bado inatokota. Mwanzoni harufu yake ilinitisha, nikisema moyoni hawa watu wanapika soksi. Baada ya wiki mbili nikawa naitamani nikiwa kwenye basi. Watu walitoka mbali kuja kuinywa. Wakimaliza, wakati wa kutoka walisimama karibu na pazia na kusema kwa sauti ya kusikika jikoni, "Nimekula vizuri," nayo Kikoreani ni shukrani ya kila mtu kila siku, wala hupimi kama kweli alikula vizuri. Halmoni aliitikia kwa kichwa bila kugeuka. Kwetu tunasema fulani ana mkono, tukimaanisha chakula chake kina ladha ambayo mwingine hata akitumia viungo vilevile haipati. Wakorea nao wanasema hivyohivyo, ladha ya mkono. Niliposikia hivyo niliona niko nyumbani.

Mwezi wa tatu Halmoni aliugua mafua makali, yale ya kumlaza mtu kitandani. Samonim akapika badala yake, watu wakala wakanyamaza. Halmoni aliporudi alikuwa amepungua mwili, na alipoonja supu yake ya kwanza alikunja uso, akaongeza chumvi. Akaonja, akaongeza. "Chumvi ya nchi hii imekuwa dhaifu," alisema. Akabadili aina ya chumvi, akabadili duka, akamtuma Bosi mpaka kwenye duka la jumla huko Hayes akalete gunia la chumvi nyingine, nayo akaiona dhaifu. Sisi wote tuliokula naye saa tisa mchana, baada ya wateja wa mchana na kabla ya wa jioni, tulijua siku ileile. Supu ilikuwa ikiwasha ulimi. Na hapa sitii chumvi, iliyokuwamo ilitosha. Bosi alikunywa maji glasi juu ya glasi akisema leo kuna joto. Samonim alijaza wali kwenye supu mpaka kijiko kikasimama. Mimi nilikula kama walivyokula wao. Hakuna aliyesema kitu, na Halmoni akatuangalia mmoja mmoja, akaridhika.

Kufikia kiangazi wateja walikuwa wameanza kupungua, na hapo ndipo nilipojua jinsi Mkorea anavyokikataa chakula. Kuna mzee mmoja aliyekuja kila siku peke yake. Akaanza kusema daktari amemkataza supu. Mama mwingine akasema amechelewa kula asubuhi. Wengine waliikoroga supu kwa kijiko, wakaisogeza kushoto, wakaisogeza kulia, wakaifunika kwa jani la saladi. Kisha wote walisimama pale karibu na pazia wakasema wamekula vizuri, na wiki iliyofuata hawakuja. Siku moja nikiwa stoo natafuta sabuni, niliwasikia Bosi na mkewe nje ya mlango.

"Mwambie wewe. Ni mama yako," Samonim alisema.

"Nikimwambia nini? Ameuza nyumba yake kule, amekuja kutupikia hapa. Nimwambie mkono umekwisha?"

"Tukifika mwaka mpya hivi, tunafunga."

"Basi mwambie wewe."

"Mimi mkwe? Unataka nife?"

Nilikaa humo stoo na sabuni yangu mkononi, nikiomba wasiufungue mlango. Niliwaelewa wote wawili. Hata Korogwe hakuna mkwe wa kumwambia mama mkwe chakula chako kibaya, labda awe amekwisha kufunga mizigo yake. Lakini nilielewa na la pili: mgahawa huu ukifa, Halmoni atakufa nao, kwa sababu nje ya lile kasha la mbao hakuwa na nchi nyingine.

Wiki ileile Samonim aliniita tumenye vitunguu saumu pamoja, kazi ambayo siku zote niliifanya peke yangu. Tukamenya, kisha akasema, "Pelly, wewe si Mkorea."

"Ndiyo, Samonim."

"Mgeni akisema hapendi chakula, hakuna anayeumia. Nataka umwambie Halmoni. Lakini usiseme kibaya. Usiseme chumvi. Ukisema chumvi umemlaumu aliyepika. Unasema, ibe an majayo."

Akanieleza maana yake: hakikai vizuri mdomoni mwangu. Yaani mdomo wangu ndio wenye shida. Akanifanya nilirudie mpaka akaridhika na namna ninavyoishusha sauti mwishoni, na macho yanatakiwa yaangalie wapi. Kwetu chakula kisichokupendeza kina dawa zake: unasema umeshiba, unasema tumbo linakusumbua, unasema umetoka kula kwa fulani sasa hivi, na mwenye nyumba anajua unadanganya, na wewe unajua kwamba anajua, mambo yanakwisha. Hiki cha Samonim nilikiona kizuri zaidi, maana hakina uongo wa tumbo. Wala sikumwuliza kwa nini shughuli ya kumwumiza mama mkwe wake apewe mwosha vyombo. Nilijiona nimepandishwa cheo, nimeaminiwa na familia, na njiani nikiwa kwenye basi nililirudia lile neno midomo ikitikisika mpaka mwanamke aliyekaa mbele yangu akahama kiti.

Kesho yake saa tisa Halmoni alinipa bakuli langu. Nikaonja, nikaweka kijiko chini, nikatazama ukingo wa meza kama nilivyofundishwa, nikalisema. Vijiti vyote vikasimama. Halmoni aliniangalia, halafu akacheka huku amefunika mdomo kwa mkono. "Maskini," alisema. "Mtoto wa Afrika, siku zote hizi unajilazimisha kula. Na mimi sikukuuliza." Akainuka, akapasua mayai, akakata vitunguu vya majani, akanipikia yai la kukunja, akalikatakata vipande kama keki, akakiweka kipande cha kwanza juu ya wali wangu kwa vijiti vyake mwenyewe. Bosi akamtazama mkewe. Samonim akatazama meza. Supu ikabaki vilevile. Lile neno lilikuwa limefanya kazi yake barabara, maana ndivyo lilivyotengenezwa na waliolitengeneza: kumwondolea mpishi lawama yote.

Kuanzia siku hiyo nilipikiwa yai langu kila siku. Wenzangu wakinywa bahari, mimi nakula yai laini, tamu, kwa sababu ya ugonjwa wa mdomo nisiokuwa nao. Nilimwambia Halmoni asijisumbue, akasema mtoto asiyekula vizuri hafanyi kazi vizuri. Nilipomsimulia Dada Monika alicheka mpaka akashika mbavu. "Sasa unalia nini? Umependwa, umepikiwa. Mimi kule kazini nikisema sipendi kitu nitaambiwa nilete changu." Sikuweza kumweleza. Kupendwa kwa kitu cha kweli ni raha, lakini kupendwa kwa kitu ulichofundishwa kusema ukiwa unamenya vitunguu saumu ni kama kukaa kwenye kiti cha mtu mwingine huku mwenyewe akikuletea chai. Samonim naye hakunilaumu hata kidogo, na hilo lilinitia soni zaidi. Alinisogezea tu sahani nile.

Ndipo yakaja mambo ya mabakuli. Sinki langu lilikuwa mkono wa kulia wa Halmoni, na mabakuli yaliporudi kutoka ukumbini yalipita mbele ya macho yake. Mpishi hahitaji kuuliza; bakuli lililorudi linamwambia. Yalipoanza kurudi nusu, Samonim akaniwekea ndoo yenye kifuniko upande wa pili wa pazia. "Bakuli lisimfikie likiwa na supu," alisema, basi. Nikawa napokea mabakuli kwenye pazia, namimina supu ndooni, naingia nayo jikoni yakiwa matupu. Ndoo ikijaa naitoa uani kupitia mlango wa pembeni, namwaga kwenye mfereji, vipande vya tofu vinakwama kwenye chuma navisukuma kwa ufagio. Halmoni akiona bakuli tupu alikuwa akitabasamu kidogo na kusema, "Wana njaa leo." Na kwa kuwa wana njaa, akawa anawapakulia zaidi. Jinsi tulivyozidi kuficha ndivyo alivyozidi kujaza, na jinsi alivyozidi kujaza ndivyo ndoo ilivyozidi kuwa nzito.

Siku hizi Krismasi ikifika wanangu hukusanyika kwangu, nami huwapikia pilau. Wanasema ni tamu. Wanasema kila mwaka, wote, kwa maneno yaleyale, na mkwe wangu wa kiume huongeza kwamba hajawahi kula pilau kama ile. Zamani nilikuwa naridhika. Sasa, wakienda sebuleni, naenda kwenye pipa la taka nafungua kifuniko natazama. Ndiyo, nafanya hivyo nyumbani kwangu mwenyewe, na siku mwanangu wa kwanza aliponikuta nimeinama pale aliniuliza nimepoteza nini. Nikasema kijiko. Sijawahi kuwaambia, kwa sababu nikiwaambia wataanza kula kwa bidii, na hapo ndipo sitajua kabisa.

Novemba ikafika, mvua ya kunyunyiza haikatiki. Siku moja ya mchana akina mama wa kanisa walichukua meza zote nane, walikuwa wakimuaga mwenzao anayerudi Korea. Hatukuwa tumeona ukumbi ukijaa hivyo tangu mafua ya Halmoni. Bosi alivaa tai. Samonim alikuwa na rangi usoni, akipita akinigusa bega, "Leo tumejaa, Pelly, tumejaa." Halmoni alikuwa ameanza kupika kabla sijafika, sufuria kubwa ambalo kwa kawaida lilikaa juu ya kabati. Kila mama akapata bakuli lake likitokota. Nilisimama penye pazia nikawaona wakionja, wakiangaliana kwa pembe ya jicho, wakirudi kwenye mazungumzo. Wale wa meza ya kwanza wakaanza kunirudishia mabakuli, samahani nyingi, tumekula sana, tumeshiba. Nikamimina. Ndoo ikajaa mapema kuliko siku yoyote, nikaibeba kwa mikono miwili mpaka uani, nikaiinamisha juu ya mfereji.

Halmoni akatokea mlango wa jikoni, amekuja kuchukua kabichi kwenye mitungi. Akaona ndoo.

"Hiyo nini?"

Alisogea. Tofu na vipande vya boga vilikuwa vikielea juu, huwezi kuviita maji ya kuoshea vyombo.

"Hii ni supu yangu," alisema.

Hofu ikanishika, na Kikorea chote nilichokijua kikanitoka kichwani isipokuwa lile neno. Nikalisema. Hakikai vizuri mdomoni mwangu.

Akaniangalia, akaiangalia ndoo. "Mdomo wa nani, Pelly?" alisema. "Ndoo nzima. Mdomo wa nani?"

Kisha akachovya kidole, akakiweka kwenye ulimi, akangoja. Mvua ilikuwa ikimdondokea kwenye nywele naye bado anangoja, macho ameyafumba nusu, na nikaona kabisa kwamba hakuna ladha iliyomjia. Hapo ndipo na yeye alipojua. Sijawahi kuona uso wa mtu mzima ukiachwa hivyo.

"Ina nini?"

"Chumvi, Halmoni."

"Nyingi?"

"Nyingi sana."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipougua."

"Mwanangu anajua?" Nikatazama chini. "Na mke wake?" Nikaendelea kutazama chini. Alijifuta kidole kwenye aproni, akageuka, akaingia jikoni, akapita gesi ikiwaka, akapita kasha lake, akalifunua pazia akatokea ukumbini, mahali ambapo sikuwahi kumwona akikanyaga wakati wateja wapo. Nikamfuata, ndoo nimeiacha, mikono inanuka.

Alisimama katikati ya meza akainama mpaka kiunoni. Mazungumzo yakafa. "Chakula changu kimeharibika," alisema, "na mimi sikujua. Mmevumilia kwa muda mrefu. Nisameheni. Tafadhali msile."

Bosi alisimama kaunta, simu sikioni, mtu upande wa pili akiendelea kuongea. Kisha mama mkubwa kuliko wote, yule aliyeongoza sala mwanzoni, akasema kwa upole, "Halmoni, unasema nini? Ni kitamu." Akachukua kijiko. Aliyekaa karibu naye akachukua chake. Na wa meza ya pili, na ya tatu, hata wale waliokuwa wamesema wameshiba wakayavuta mabakuli ya wenzao, ukumbi mzima ukainama ukaanza kunywa supu ile. Majagi ya maji yalikuwa katikati ya kila meza. Hakuna aliyeyagusa, maana kugusa maji ingekuwa kusema. Nyuso zilikuwa nyekundu, wanawake wazima wanatoka jasho, na kinachosikika ni vijiko tu. Halmoni aliwaangalia wanavyokula. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na sikujua namwonea aibu nani kati yetu. Samonim alitoka pembeni ya kaunta, akakaa kwenye kiti kilichokuwa wazi, akalivuta bakuli ambalo mtu alikuwa ameliacha limejaa, akaanza kula kwa haraka, bila kupumzika, machozi yanamtiririka naye hayafuti.

"Wanyang'anye," Halmoni aliniambia. Sikusogea. Akasema tena, polepole, kama anavyonifundisha kazi. "Pelly. Wanyang'anye."

Basi nikapita meza kwa meza. Mwosha vyombo, mweusi peke yangu ukumbini humo, nawapokonya mabibi chakula mikononi. Nilisema samahani kila bakuli. Wengine waliachia mara moja, wakanishukuru kwa macho. Wengine waling'ang'ania, "Bado nakula, binti," nikavuta, wakavuta, supu ikamwagika kwenye vitambaa vya meza. Yule mama aliyeanza alilishika lake kwa mikono miwili mpaka nikamwambia kwa Kikorea changu kibovu kwamba ina chumvi, mama, acha, ina chumvi, na yeye akaliacha akajifunika uso kwa leso. Neno hilo ndilo ambalo miezi yote ile hakuna aliyelisema ndani ya chumba kile, na nililisema mimi, kwa sauti, mbele ya mwenye sufuria.

Akabaki Samonim. Nilipolishika bakuli lake hakuinua macho. "Niache nimalize," alisema. Nikavuta kidogo, akalivuta kwake, akaendelea kuteka kwa kijiko. Nikaliachia, nikarudi nyuma, nikashindwa. Halmoni akanipita. Akachuchumaa kando ya kile kiti, magoti yake yakilia, akaanza kuvifungua vidole vya mkwe wake kwenye bakuli, kimoja, halafu kingine.

"Inatosha, mwanangu," alimwambia. "Umekula. Inatosha."